Kazi Zisizokuwa za Polisi



Tarehe 25 Juni 2024 kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Kilikwenda kupambana na magenge yaliyokuwa yameshika sehemu kubwa ya mji ule, kwa sababu polisi wa huko walikuwa wamezidiwa. Siku hiyohiyo, Nairobi, polisi wenzao walikuwa wakiwapiga risasi vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha, wengine hatua chache kutoka lango la Bunge. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilianza kwa kuhesabu watu 39 waliokufa katika maandamano yale. Kabla ya mwaka kwisha hesabu ilikuwa imefika angalau 60.

Anayetaka polisi wafutwe, basi, atueleze Haiti. Na anayesema warekebishwe tu atueleze Nairobi, mji ambao umeshuhudia mageuzi ya polisi yakizinduliwa mara nyingi kuliko barabara.

Nimeulizwa na waandalizi niko upande gani. Nitasema mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kutayarisha maswali. Siamini kwamba polisi wafutwe. Vilevile siamini kwamba wanaweza kurekebika wakiachiwa kazi zote walizonazo leo. Ziko kazi wanazofanya ambazo hazikupaswa kuwa zao hata siku moja. Hizo ndizo za kufuta, kwa sheria na kwa bajeti, na kazi zitakazobaki ziwekwe mahali ambapo raia anaweza kuzifikia na kuzihoji.

Tuanze hapahapa Mombasa, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoanzia. Historia ambayo polisi wa Kenya wenyewe huisimulia inarudi nyuma hadi mwaka 1887, wakati kampuni ya William Mackinnon ilipopata ruhusa ya Sultani wa Zanzibar kuendesha biashara katika pwani hii. Kampuni ilikuwa na maghala, na maghala yalihitaji walinzi. Walinzi hao, wengi wao wakiwa Wahindi na Waafrika wachache, ndio mbegu ya polisi tulionao. Hawakuletwa kumlinda mkazi wa Mji wa Kale asiibiwe. Waliletwa kuilinda kampuni dhidi yake.

Wakati huo Waingereza walikuwa na mifano miwili ya polisi. Robert Peel alipounda polisi wa London mwaka 1829, aliwavalisha bluu ili wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, na hakuwapa bunduki. Lakini huko Ireland, nchi iliyokuwa chini ya mkono wao, walikuwa na polisi wa namna nyingine: wenye silaha, wanaoishi kambini, wanaopokea amri kutoka serikali kuu, na wanaopelekwa wilaya zisizo zao ili wasiwaonee raia huruma. Makoloni yalipewa polisi wa Ireland. Wa London walibaki London. (Mwaka 2018 serikali yetu iliwabadilishia polisi sare, ikawapa bluu. Ile rangi ya Peel imetufikia baada ya miaka karibu 190. Mengine ya Peel bado tunayasubiri.)

Polisi wa aina ile hufanya kazi ya aina ile. Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo kikuu cha polisi cha Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amekamatwa kwa kupinga kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Askari walifyatua risasi. Serikali ya kikoloni ilikubali vifo 21. Wengine walihesabu zaidi ya hapo, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewasuta wanaume kwa woga wao. Mwaka 1950 ikapitishwa Sheria ya Utulivu wa Umma, ya kudhibiti mikutano. Mwaka 1953, katikati ya Hali ya Hatari, kikosi cha polisi wa akiba kikageuzwa kuwa GSU, kikosi cha kuzima ghasia. Uhuru ulipofika mwaka 1963, bendera ilibadilishwa usiku mmoja. Sheria ile ya 1950 ipo hadi leo, na GSU mnaijua.

Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa kwao Homa Bay kwa maneno aliyodaiwa kuyaandika mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi. Alisafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi na kuwekwa katika kituo kikuu cha jiji lilelile la Thuku. Kulipokucha alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Wataalamu waliomchunguza walikuta majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo, mambo ambayo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe. Nimeweka 1922 na 2025 pamoja kwa makusudi. Mara zote mbili kosa lilikuwa kumsema mkubwa.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba hakuna kilichojaribiwa. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Philip Waki ilichunguza vifo 1,133 na kukuta kwamba watu 405 walikufa kwa risasi. Wananchi waliopigana mitaani walikuwa na mapanga, mishale na mawe. Risasi nyingi zilijulikana zilikotoka. Mwaka 2009 akaja Philip Alston wa Umoja wa Mataifa na kusema waziwazi kwamba polisi wa Kenya wanaua watu na hawaulizwi. Mwaka huohuo jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley likatoa mapendekezo zaidi ya 200. Katiba ya 2010 ikayachukua mengi. Mwaka 2011 ikapitishwa Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, ikaundwa pia IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, inayoongozwa na raia. Kwenye karatasi, ndugu zangu, nchi chache za Afrika zinaweza kujipima nasi.

Na si kwamba IPOA haijafanya kitu. Agosti 2014, huko Kinango, Kwale, polisi waliingia usiku katika nyumba moja wakimtafuta mshukiwa, wakampiga risasi msichana wa miaka 14. Walisema aliwashambulia kwa panga. IPOA ilichunguza, kesi ikasikilizwa hapa Mombasa, na Februari 2016 maafisa wawili wakafungwa miaka 7 kwa kuua bila kukusudia. Ilikuwa hukumu ya kwanza kutokana na uchunguzi wa mamlaka ile. Tuliifurahia, na tulikuwa na haki ya kuifurahia. Lakini ilikuja miaka minne baada ya mamlaka kuanza kazi, na tangu hapo malalamiko yamekuja kwa maelfu, hukumu kwa uchache.

Miezi minne tu baada ya hukumu ile, wakili Willie Kimani alitoka katika mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake na dereva wao, wasifike nyumbani. Mteja alikuwa mwendesha bodaboda aliyeipelekea IPOA malalamiko kwamba afisa wa polisi alimpiga risasi. Yaani alifanya kile ambacho mabango ya mageuzi yalimwambia afanye. Maiti zao tatu zilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Ilichukua hadi 2022 kwa maafisa watatu na mpelelezi wao wa mtaani kupatikana na hatia, na hadi Februari 2023 kwa hukumu kusomwa. Swali linalonisumbua katika kesi ile si ukatili wao peke yake. Watu watatu walizuiliwa katika kambi ya polisi, mchana, na kambi nzima haikuona ajabu.

Wakati mahakama zikihangaika na kesi moja moja, sheria yenyewe ilikuwa inapunguzwa makali. Hapo mwanzo Inspekta Jenerali alipaswa kupatikana kwa ushindani: watu waombe, Tume ya Huduma ya Polisi iwahoji hadharani, majina yapelekwe kwa Rais. Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya al-Shabaab yaliyotutia hofu sote, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katika kikao cha vurugu na maji ya kumwagiana, na ndani yake Rais akapewa kumteua mwenyewe kisha Bunge liidhinishe. Wengi wetu tulikuwa tunatazama vipengele vya ugaidi, hicho kikapita. Mwaka 2017 ikapitishwa sheria ya kuunda huduma ya wachunguzi huru wa vifo, ili askari anayetuhumiwa kuua asiwe ndiye anayekusanya maganda ya risasi. Miaka imepita, na huduma hiyo haijasimama. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lililotoa ripoti yake mwishoni mwa 2023 lilirudia sehemu kubwa ya yale aliyoyasema Ransley miaka kumi na minne kabla. Mtu akirudia kusema jambo lilelile kwa miaka kumi na minne, tatizo si kwamba hakusikika.

Mfano wa mwisho katika hili. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ilimwita kaimu Inspekta Jenerali aeleze waliko watu waliotoweka Kitengela. Aliitwa mara saba, hakufika. Jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Siku chache baadaye walinzi wa jaji huyo wakaondolewa. Kaimu alifika hatimaye, na adhabu ikafutwa. Hapo mtu anaweza kupima mwenyewe nani katika nchi hii anamlinda nani.

Kwa hiyo ninawaelewa wanaosema: basi, tuwafute. Wazo hili limepata nguvu zaidi Marekani, kwa waandishi kama Angela Davis na Mariame Kaba, ambao hoja yao nitaieleza kwa haki kabla ya kuikataa. Wanasema kila unapokuja mpango wa mageuzi, polisi hupewa fedha zaidi, magari zaidi, mafunzo zaidi, na mwisho wa yote wanabaki na nguvu zaidi. Wanasema uhalifu mwingi unazaliwa na njaa, ulevi, maradhi ya akili na ukosefu wa makao, na bunduki haitibu hata kimoja. Wanataka fedha zihamishwe kwenda kwa vile vinavyotibu. Ni hoja nzito, na sehemu yake ya kwanza inaisimulia Kenya kuliko tunavyopenda kukiri.

Lakini tazameni yaliyotokea Minneapolis, mji ambao polisi alimuua George Floyd Mei 2020. Wiki chache baadaye madiwani wengi waliahidi jukwaani kuvunja idara yao ya polisi. Novemba 2021 wananchi waliulizwa kwa kura kama idara hiyo ibadilishwe na idara ya usalama wa umma, na wengi, yapata asilimia 56, wakakataa. Waliokataa hawakuwa Wazungu matajiri peke yao; mitaa ya watu weusi iliyokuwa ikisikia milio ya risasi kila usiku nayo iligawanyika.

Sisi hatuna haja ya kwenda Minneapolis kujua kinachofuata polisi wakikosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi, Tanzania, walichoka na wezi wa ng'ombe na polisi wasiofika, wakaunda sungusungu. Walikuwa na viongozi wao, filimbi zao, pinde na mishale. Wizi ulipungua kweli. Chama na serikali viliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini mkono uleule uliomfikia mwizi wa ng'ombe ulimfikia bibi kizee aliyeshukiwa uchawi, na yeye hakuwa na mahakama ya kukatia rufaa. Nairobi nako, mitaa ambayo polisi waliiacha ilichukuliwa na genge la Mungiki, ambao walitoza ada ya ulinzi kwa kila nyumba na kila matatu, na asiyelipa akaonyeshwa maana ya ulinzi. Na sote hapa tumewahi kusikia kelele ya "mwizi!" na tukajua kitakachofuata ni mawe na tairi. Usimwambie mama wa kijana aliyechomwa kwamba jamii isiyo na polisi itajilinda kwa upole.

Tena kuna jambo ambalo watetezi wa haki, nami nikiwamo, hatulipendi. Mwaka 2014 wakazi wa Githurai walifunga barabara kuu ya Thika kudai konstebo mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji aachiliwe. Walisema tangu akamatwe wezi wamerudi. Mwaka 2018 mahakama ilimkuta na hatia ya kuua. Wale wakazi hawakuwa wajinga wala wakatili. Walikuwa watu wanaoamka saa kumi kwenda kazini na kuporwa njiani, na katika mfumo mzima wa haki, huyo ndiye mtumishi pekee wa serikali waliyemwona akifanya kitu. Kwao polisi walikuwa wamekwisha kufutwa siku nyingi. Mwanamke aliyepigwa na mumewe Kisauni au Likoni anajua hivyo pia: afike kituoni aambiwe gari halina mafuta, achangie. Fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, ambayo ni haki yake, azungushwe nayo hadi majeraha yapone. Maskini wa nchi hii wana polisi wengi wa kuwakamata na wachache wa kuwajibu wakiita.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Polisi wetu ni yapata laki moja. Tunalalamika kila siku kwamba ni wachache. Lakini wanashinda wapi? Simama Buxton au Mwembe Tayari saa mbili usiku uone karandinga likipita. Linajaa vijana waliokutwa wamesimama, manamba, mama wa njugu asiye na leseni, mlevi, kijana aliyesahau kitambulisho. Wanapelekwa seli. Wenye jamaa wanatolewa usiku huohuo kwa kitu kidogo, ingawa ukutani pameandikwa dhamana ya polisi ni bure. Wasio na jamaa wanasubiri Jumatatu, wakubali kosa, walipe faini. Hakuna aliyelalamika dhidi yao. Hakuna aliyedhurika. Makosa haya ya "uzururaji" na "kukaa bila kazi" tuliyarithi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 dhidi ya wazururaji, iliyowakumba wanajeshi waliorudi vitani bila ajira na maskini waliolala barabarani. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake ya kisheria kwamba sheria za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yazifute au yazirekebishe. Malawi walikuwa wameanza kabla: Januari 2017 Mahakama Kuu yao ilifuta kosa la uzururaji kwa kesi ya mchuuzi wa mtaani. Sisi msako unaendelea. Ukiifuta kazi hii, umemwondolea konstebo kishawishi chake kikubwa cha kila usiku, na umepata maelfu ya saa za kazi za kuwasikiliza waliopigwa na kuibiwa. Haikugharimu shilingi.

Barabarani sitakaa sana, kwa sababu hakuna mtu ukumbini humu anayehitaji kuelezwa. Polisi walipopigwa msasa na Tume yao miaka ya 2015 na 2016, maafisa wa trafiki walitakiwa kuleta taarifa zao za M-Pesa. Fedha zilionekana zikitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Kumbe yule anayenyoosha mkono dirishani ni karani tu. Kazi ya faini ipewe mashine, kamera na mahakama, na askari atoke kwenye fedha taslimu.

Maandamano ni jambo zito zaidi. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Bado tunaipeleka GSU, kikosi kilichozaliwa katika Hali ya Hatari, na risasi za moto. Kuna anayesema: na wanaopora je? Anayepora akamatwe, ashtakiwe kwa wizi. Wizi wa duka haujawahi kuwa na adhabu ya kifo katika vitabu vyetu vya sheria, wala ya kupigwa risasi ya mguu, kama Rais mwenyewe alivyopendekeza hadharani Julai 2025. Bunduki zisiende kwenye maandamano. Sisemi wapewe mafunzo zaidi ya namna ya kuzitumia. Nasema zibaki ghalani.

Na ya mwisho, iliyo ngumu kuliko zote: vikosi vya siri. Mwaka 2009, baada ya ripoti ya Alston, kilivunjwa kikosi kilichojulikana kama Kwekwe. Oktoba 2022 Rais Ruto alivunja kingine, SSU, akasema waziwazi kwamba kilikuwa kinaua watu. Baadhi ya maafisa wake walishtakiwa. Nilipiga makofi. Lakini kati ya Juni na Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa, wengi wao vijana wakosoaji wa serikali, na wanaume waliofunika nyuso, katika magari yasiyo na alama. Sisi wa pwani hatukushangaa. Tumekuwa na orodha zetu za waliotoweka tangu miaka ya mashekhe kuuawa barabarani. Kuvunja jina la kikosi ni kubadilisha kibao cha duka. Kinachopaswa kufutwa ni ruhusa ya kufanya kazi ya polisi bila sura, bila namba na bila kuandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo. Anayekamata mtu akiwa amefunika uso na hakumpeleka kituo kinachojulikana ndani ya saa zilizowekwa na Katiba, sheria imchukulie kuwa mtekaji, awe na kitambulisho cha kazi au asiwe nacho.

Mtasema namwonea konstebo. Hapana. Niliyoyasema yote yanampunguzia mzigo. Ransley alikuta maafisa wenye familia wakigawana chumba kimoja, kitanda na kitanda vikitenganishwa kwa shuka. Maraga alikuta mishahara duni, uhamisho wa kuadhibu, na maradhi ya akili yasiyotibiwa. Sote tumesoma habari za askari waliojiua, au kuua wenzi wao kwanza. Kijana wa miaka 22 anapewa bunduki, anapelekwa mji usio wake kama yule askari wa Ireland, anadaiwa hesabu ya kila jioni na mkubwa wake, anaambiwa leo piga, kesho anashtakiwa peke yake aliyemwamuru akipandishwa cheo. Huyo naye ni mtu wa kutetewa. Ila hatetewi kwa kuachiwa afanye yote.

Zibaki kazi gani, basi? Kujibu mtu anayeshambuliwa. Kuchunguza mauaji, ubakaji, wizi wa mabavu, na wizi wa kalamu. Kumfikisha mshukiwa mahakamani akiwa hai. Ni kazi ngumu, za heshima, na laki moja ya watu wanaweza kuzifanya vizuri wakiachwa wazifanye.

Lakini nani awasimamie? Kila chombo cha kuwasimamia nilichokitaja kina makao yake makuu Nairobi, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Hapa naomba turudi Ireland, maana walioturithisha polisi wa kambini wamebadilika kuliko sisi. Ireland Kaskazini ilibaki na polisi wa namna ile hadi mwisho wa karne, jeshi la polisi ambamo Wakatoliki walikuwa kama asilimia 8 tu na jamii yao iliwaona polisi hao kama maadui. Tume ya Chris Patten ya mwaka 1999 haikupendekeza semina. Mwaka 2001 jina na nembo vilibadilishwa. Kwa miaka kumi nusu ya walioajiriwa ilipaswa kuwa Wakatoliki. Bodi yenye wanasiasa na raia ikapewa nguvu ya kumhoji mkuu wa polisi hadharani. Ofisi huru ya malalamiko ikawa na wapelelezi wake. Kufikia 2011 Wakatoliki walikuwa yapata asilimia 30. Haikuwa pepo, na fitina bado ipo. Ila raia walipata meza ya kukaa na polisi, na polisi walilazimika kufika.

Sisi tunayo meza hiyo, imeandikwa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 kinaunda mamlaka ya polisi katika kila kaunti. Mwenyekiti ni gavana au anayemteua. Wamo wawakilishi wa bunge la kaunti, wakuu wa usalama, na raia wasiopungua sita kutoka katika jamii. Kazi yake ni kuweka vipaumbele vya usalama vya kaunti, kufuatilia bajeti na mwenendo wa polisi, na kupokea taarifa zao. Kama ingefanya kazi, mama wa Kisauni angekuwa na mahali pa kuuliza kwa nini gari la kituo halina mafuta ya kumjibu yeye na lina mafuta ya msako. Serikali kuu haikuipenda, kwa sababu inampa gavana sikio katika jambo ambalo Nairobi imelishika tangu enzi ya ukoloni. Magavana nao hawakuipigania sana. Ni rahisi zaidi kulaumu polisi kuliko kuwa na sehemu ya jukumu lao.

Agosti 2027 watakuja kwetu wanaotaka ugavana, na wengine wanaotaka kura zetu za Bunge. Waulizeni wa kwanza: raia sita wa mamlaka ya polisi ya Mombasa, ya Kwale, ya Kilifi utawateua lini, na watakutana wapi, na mlango utakuwa wazi? Waulizeni wa pili kama watapiga kura kufuta makosa ya uzururaji na kuipa fedha huduma ya wachunguzi wa vifo. Asiyeweza kujibu kwa tarehe, msimpe.